Kwa Maige, Kabla Hujachagua Rili

Maige mwanangu,

Mtamba niliivunja mimi.

Nimeliweka hilo mbele kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, salamu zingenipeleka kwenye mvua, mvua kwenye pamba, na karatasi ingeisha sijalisema. Ni mwaka wa nne sasa ninaishi nalo. Sijamwambia bibi yako, sijamwambia shangazi yako Doto, na nilipokwenda kuungama kabla ya kipaimara nilisema nimeiba sukari. Sukari sikuiba. Nilitafuta dhambi ndogo ya kuziba nafasi.

Wewe hukuiharibu ile rili ya kuvulia. Uliikuta imeshaharibika, ukazungusha mkono wake kama ulivyozoea, ikakwaruza, na baba yako akatokea.

Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, nikijidanganya kwamba kuna mambo yanakaa vizuri zaidi katika lugha ya sekondari. Nilipofika katikati nikaona ukweli: niliichagua lugha hiyo kwa sababu nyumba hii nzima hakuna anayeisoma, hata wewe bado. Nikaichana. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, lakini imejaa "rili iliharibika" na "mambo yalitokea", kana kwamba rili iliamka asubuhi ikajivunja yenyewe. Nayo nikaichana.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kwa mama yako Nkome, uanze kidato cha kwanza huko ziwani. Mambo ya sabuni, ya sweta, ya kumsalimia mume wa mama yako hata kama amenuna, bibi amekuambia mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi nina hili moja tu. Ninaliandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Shangazi Doto husema yeye na baba yako Kulwa, mapacha walionitangulia, walimaliza maneno yote tumboni mwa mama, mimi Shija nikaja kukuta makombo.

Rili zile mbili unazijua kuliko mtu yeyote, lakini ulikuwa mdogo zilipofika. Baba yako alikuwa bado dereva wa kampuni ya utafiti wa madini kule Geita. Bosi wake, mgeni, alikuwa akienda ziwani kila Jumapili kuvua kwa fimbo, na alipomaliza mkataba akamwachia zile mashine mbili za kukunjia mshipi. Moja fremu yake ya alumini, nzito, baridi mkononi kama birika lililolala nje. Nyingine ya plastiki ngumu iliyochanganywa na kaboni, nyeusi, nyepesi mpaka unadhani ndani hamna kitu. Baba yako, ambaye kila kitu alikipima kwa ng'ombe, akaiita nzito Dume na nyepesi Mtamba.

"Mtamba unatembea naye kutwa," aliniambia siku ya kwanza aliponipeleka lamboni, kwenye bwawa la ng'ombe. "Mkono hauchoki, na anatupa mbali. Ila usimfungie jembe. Ukimfungia jembe anapinda mgongo, na mgongo ukipinda, gia hazionani tena. Jembe ni la Dume."

"Si bora kuwa na Dume tu, kaka?"

"Vua perege kwa Dume kutwa nzima, halafu jioni tukuone unavyokula ugali kwa mkono wa kushoto."

Unajua zinavyotaka gumba. Ukitupa, gumba likae juu ya roda ya uzi, liguse bila kukaba. Ukiliachia, roda inazunguka kuliko uzi unavyotoka, na unapata rundo ambalo utalifumua mpaka jua likuchome kisogo. Ukikaba, chambo kinaanguka miguuni pako. Mimi nilikuwa mtu wa kukaba. Baba yako alisimama katikati ya wachunga ng'ombe na wanawake wenye ndoo akapaza sauti: "Shija! Unashika kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba mbele ya mama mkwe! Achia!" Wakacheka wote. Mama mmoja akasema, "Mwacheni kijana, mchumba mwenyewe ni kambale." Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kucheka kwa watu wakati ule kulikuwa kunaniingia kama mwiba unaovunjikia ndani.

Nimesimama kidogo. Bibi yako ameingia kuchukua ungo, nikaifunika barua kwa kitabu cha Biolojia.

"Unasoma nini, na mtihani umeshafanya?"

"Narudia, mama."

"Unarudia nini, kufeli?"

Ametoka anacheka peke yake. Uone nilivyo. Hata leo, hata barua ya kukiri, naifunika.

Naendelea. Ile wiki niliyoivunja Mtamba, baba yako alikuja nyumbani kupumzika. Ajira ya udereva ilikuwa imekwisha, alikuwa sasa anachimba dhahabu na wenzake kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Lambo lilikuwa limepungua mpaka ng'ombe wanakanyaga tope la magotini, na kambale wakubwa walikuwa wamebanana pale katikati palipobaki maji. Nilitaka nimtoe mmoja peke yangu bila mtu wa kucheka, kisha nipite naye uani kama vile si kitu.

Dume ilikuwa imening'inizwa ukutani juu ya kitanda cha baba yako. Mtamba ilikuwa ndani ya kikapu cha michembe ya viazi, nyuma ya mlango. Nimelifikiri jambo hili miaka yote, na nataka uondoke nalo hapa. Sikuichukua Mtamba kwa sababu ni nyepesi, wala kwa sababu ndiyo iliyofaa kwa kazi ile. Niliichukua kwa sababu isingeonekana imeondoka. Nimefanya machaguo mengi hivyo tangu siku ile: masomo niliyochukua, rafiki niliyemwacha, hata mahali ninapokaa kanisani. Kila mara naangalia kipi hakitaonekana.

Alfajiri, kabla ng'ombe hawajafika, kambale akameza. Sijui alikuwa na ukubwa gani, sikumwona. Ningemwachia uzi akimbie, achoke, ningempata. Niliogopa kwamba nikimwachia ataondoka. Nikakaza breki mpaka mwisho, nikakandamiza gumba, nikavuta kwa kiuno. Fremu ikalia, siyo kwa kelele, ni kama mtu kavunja kijiti kikavu ndani ya nguo. Kisha uzi ukakatika nami nikakaa chini kwenye tope.

Nilipozungusha mkono wa rili, gia zikakwaruzana. Nikaipangusa kwa shati langu, nikairudisha kwenye michembe.

Jioni ile unaikumbuka wewe kuliko mimi, lakini ulikuwa umeangalia chini, kwa hiyo nikuambie kilichokuwa nyuma yako. Ulikuwa umekaa kizingitini na Mtamba mapajani. Baba yako akasikia ule mkwaruzo kutoka uani.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya, baba."

"Hujafanya! Na mlio huu ni wa nini?"

Fimbo tatu. Halafu akasema yale maneno: "Mkono wako huu haushiki kitu kikabaki kizima."

Mimi nilikuwa nyuma yako, na ndoo ya maji. Kati ya fimbo ya kwanza na ya pili ningeweza kusema. Kati ya ya pili na ya tatu ningeweza kusema. Baada ya ya tatu nilimimina maji kwenye mtungi, polepole, yasimwagike.

Ukalala bila kula. Asubuhi baba yako alipoinama kitandani kukuaga ukajifanya umelala. Najua ulijifanya, kwa sababu kope zilikuwa zinacheza. Siku tisa baadaye simu ikaita saa ya chakula cha mchana. Duara lilikuwa limeporomoka.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikuita katikati ya mkeka. Mmoja akakushika bega akasema, "Maige, mtoto wetu hakai bila baba. Baba yako ni huyu." Akanionyesha mimi, nimevaa suruali ya shule kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haijachanika. Sikuwa nimejua. Nadhani hata bibi hakuwa amejua. Wakanipa bakuli la maziwa nikupe, ili kila mtu aone. Wewe ulikuwa na miaka minane. Ukalipokea kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, macho chini, ukatembea nalo kama mtu anayevuka daraja la kamba.

Bibi akalia, akasema, "Tazameni adabu ya mtoto huyu. Kulwa ameacha mtu."

Tangu siku hiyo unapokea kila kitu hivyo. Kikombe, daftari, hata kipande cha muhogo. Walimu wanakusifu. Wageni wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu kama ya huyu. Mimi peke yangu, Maige, ndiye ninayejua kwamba siyo adabu. Unaogopa mkono wako. Ulipokataa kuwa golikipa, nilijua. Uliponiomba nikubebee chimni ya taa kutoka dukani, nilijua. Nimekaa nikasikiliza hofu yako ikisifiwa miaka minne, na mara nyingine, Mungu anisamehe, na mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Shuleni walinitania. "Baba Maige, shikamoo! Watoto wamekunywa uji?" Nilikuwa naitikia marahaba ili yaishe. Hawakujua kwamba jina hilo lilikuwa linanichoma kwa sababu nyingine.

Sasa jana. Shangazi Doto amekuja kutoka Kishapu kukuaga, anakuta umefunga mfuko wako na Mtamba ndani, Dume umeiacha mezani.

"We mtoto una akili? Ziwani kule kuna sangara wanaoweza kukuvuta na suruali yako. Chukua hilo la alumini!"

"Zima libaki na baba mdogo," ukasema. "Mimi nitaitengeneza hii."

"Utatengeneza na nini, na mate?"

Ukacheka kidogo kumridhisha, halafu ukanigeukia. "Baba, nichukue ipi?"

Nami nikasema, "Yoyote tu." Hilo ndilo neno nililokuwa nalo. Yoyote tu! Doto akafyonya akasema ukoo huu umeishiwa wanaume.

Kwa hiyo nikujibu leo vizuri, kama ulivyouliza.

Mtamba haitapona. Mwaka juzi niliipeleka kwa siri Maganzo, kwa fundi saa anayerekebisha mizani ya wanunuzi wa almasi. Alikiweka jichoni kile kioo chake akaitazama sana. Akasema, "Ingekuwa alumini ningeigongagonga ikarudi, si kama mwanzo, lakini ikarudi. Hii inanesa, inanesa, siku ikipita kiasi haina kurudi." Usiidharau kwa hilo. Kwa samaki wa kiasi chake ilikuwa bora kuliko Dume, haikuota kutu, haikumchosha mtu, na kosa halikuwa lake. Ukipata nyingine kama hiyo huko mbele, ichukue bila woga, uitumie kwa kazi yake.

Dume ni nzito, na uzito wake hautazoeleka wiki ya kwanza. Itakuuma kiganja. Ipanguse kila ukimaliza, maana alumini ukiiacha na tope inaliwa polepole, chini ya rangi, usione. Lakini ikivutwa haipindi, gia zinabaki zinaonana. Na lile bonyeo la pembeni, ambalo hujawahi kuuliza limetoka wapi: baba yako aliiangusha juu ya mwamba kule ziwani, mbele ya bosi wake. Alinisimulia mwenyewe, anacheka mpaka anakohoa. Mkono wa baba yako nao uliangusha vitu, mwanangu. Akaviokota, akaendelea kuvua.

Nilifikiri nimalizie hapo. Nilikuwa nimeshaandika jina langu chini, nikalifuta. Kuna jambo la pili, na ni baya kuliko la kwanza.

Asubuhi ile alipoondoka nilimsindikiza baba yako mpaka barabarani. Basi lilikuwa bado. Akaniuliza, anaangalia upande linakotokea, "Shija, mtoto wa miaka minane ana nguvu ya kupinda fremu ile?"

Nami nikatazama upande huohuo.

"Mimi naona hana," akasema.

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa bado na tope la lambo kwenye soli. Naye akaviangalia. Hakunigusa hata kidogo. Akatoa mfukoni mwa shati ile bisibisi yake ndogo ya mpini mwekundu, aliyokuwa nayo tangu udereva, akaniwekea kiganjani.

"Mpe mwanangu. Mwambie nimepitiliza, maneno yale niliyosema si ya kweli. Mwambie aitunze hii, nikirudi tutaifungua rili wote wawili tuone ndani."

Basi likaja. Akapanda. Alikaa upande wa dirisha, na alinipungia mkono kama mtu asiye na kinyongo, ndiyo maana siwezi kuusahau.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unafagia uani. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Lakini ningekupa, ungeniuliza kwa nini baba amebadilika, na mimi ningelazimika kusema. Nikajiambia atarudi, atasema mwenyewe, kwa nini nijiingize. Nikasubiri kesho. Siku ya tisa simu ikaita, na baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, mpaka ikawa ni kitu ambacho hakisemeki.

Kwa hiyo siyo kwamba baba yako aliondoka amekukasirikia. Aliondoka amekuomba radhi, na radhi yako nikaificha ndani ya kasha langu la kalamu, chini ya kompasi. Ipo hapa mezani sasa. Mpini wake umefifia kidogo. Nimekuwa nikiitoa na kuirudisha.

Sikuombi unisamehe kesho kwenye basi, watu wanatazama. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nyamaza. Mimi nakijua kimya, hakitanishangaza. Ukitaka kumwambia bibi, mwambie. Nitamwambia mwenyewe kesho ukishaondoka, lakini wewe una haki ya kutangulia. Ukitaka kuacha kuniita baba, hilo litaniuma. Sitalibishia.

Ninachotaka ni kimoja. Usichague Mtamba kwa sababu unadhani mkono wako hauistahili Dume. Chagua ukijua. Hata ukiichukua Mtamba baada ya kusoma haya, iwe ni kwa sababu ilikuwa ya baba yako na unaipenda, siyo kwa kulipia kosa langu. Jua bado lipo ukutani, limebakiza kama saa moja na nusu kuzama. Skrubu za ubavuni ni tatu. Ukikubali, tuifungue wote wawili leo, kabla ya giza, kama alivyosema. Najua si mimi niliyekusudiwa kukaa upande wa pili wa meza.

Nasikia hatua uani. Siyo za bibi, yeye huburuta kandambili. Ni zako, na unatembea polepole, kwa hiyo umebeba kitu. Nadhani ni chai, na umeshika kikombe kwa mikono miwili ili isimwagike. Kitabu cha Biolojia kiko karibu na kiwiko changu. Nakisogeza mbali.

Umesimama mlangoni. Umeniona ninaandika. Sifuniki.

Weka hicho kikombe chini, Maige. Nitakupa karatasi hizi na bisibisi ya baba yako. Zipokee kwa mkono mmoja.